Matanga ya Timu Iliyohama

Ukimtaja Maman Rolande mbele ya Wakongo wa Saint-Josse, mtaa wa Brussels, hakosi mmoja wa kucheka kwanza, kisha kuuliza: "Ni yule aliyepeleka matanga kwa mtu asiyefiwa?" Ndiye huyo. Tuanzie hapo basi, maana mengine yote yalitoka humo.

Rolande ni mtu wa Bukavu, mtaa wa Kadutu. Alifika Brussels na mtoto mgongoni, baada ya kupitia kambi ambazo hapendi kuzitaja, na miaka ya mwanzo alisafisha maofisi. Baadaye alisomea kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na ndiyo anayoifanya hadi leo: kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa, kuwashika mkono wakitaka kwenda dirishani. Ni mwanamke wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Yule mtoto wa mgongoni, Jémima, ameolewa Liège, na mama yake anaishi peke yake juu ya duka la vitambaa la Mturuki mmoja asiyepunguza redio.

Jumapili alikuwa mama wa protokole. Kwa asiyejua makanisa yetu, hao ni kina mama wanaosimama mlangoni na mshipi wa bluu begani, wakiwapokea watu na kuwaonyesha pa kuketi. Ukitazama kwa nje ni kazi ndogo. Kwa Rolande ndiyo ilikuwa heshima yake katika mji huu, kwa sababu siku nyingine zote za juma yeye ndiye aliyegonga milango ya wengine akingoja kufunguliwa.

Miongoni mwa wazee aliowahudumia kule Evere alikuwamo Mmarekani mmoja, Leonard Brandt. Rolande alilifupisha jina hilo likawa Papa Léo siku ile ile ya kwanza, bila kuomba ruhusa. Alikuja Ubelgiji miaka ya sabini kutengeneza mitambo ya simu katika makao ya NATO, akaoa Mbelgiji, akamzika, akabaki katika nyumba ya ghorofa ya tatu inayotazama kituo cha basi. Yeye na Rolande walizungumza Kifaransa, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Si kwamba walizungumza sana. Mzee alikuwa bahili wa maneno. Kwa siku nzima ungepata "asante," "hapana," na "chumvi."

Mwisho wa Septemba wa mwaka ule wa kwanza wa kumhudumia, Rolande alifungua mlango akakuta mapazia yamefungwa mchana kweupe. Papa Léo alikuwa ameketi hajanyoa. Supu ya jana ilikuwa pale pale, imeganda. Kwenye kiti cha pili mezani, kile asichokalia mtu, palikuwa na kofia ya bluu iliyopauka yenye herufi moja nyeupe mbele, na nyuma ya kofia ilisimamishwa picha ya jengo la matofali lenye umati mlangoni.

Kwao Rolande, ukikuta nyumba namna hiyo huulizi. Kumwuliza mfiwa "amekufa nani?" ni kumlazimisha alitoe kwa kinywa chake neno ambalo usiku kucha amelizuia. Unatoka kimya, unarudi na watu na chakula, mnaketi. Jina la marehemu litakuja lenyewe. Rolande aliosha vyombo, akampangusa mzee uso, akaondoka. Kesho yake akarudi na Maman Cécile na Tatiana.

Maman Cécile alikuwa mjane kutoka Uvira, amepita miaka themanini, anayetembea kwa kusukuma kigari cha kujishikilia. Aliishi mtaa wa nyuma ya kanisa, na Kifaransa chake chote kilikuwa "bonjour" na "trop cher," yaani ghali mno. Tatiana alikuwa msichana wa kwaya, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyekuwa anasomea uuguzi na mwenye gari. Sufuria la bugali na lile la sombe, kisamvu cha kwao, yalifungwa katika kitenge yakawekwa kwenye miguu ya Maman Cécile, naye akayashikilia njia nzima kama anashikilia vitoto.

Waliingia wakisalimu kwa sauti ya chini. Wakavua viatu. Tatiana na Rolande wakatandika kitenge juu ya zulia wakaketi chini, Maman Cécile akapewa kiti kwa ajili ya magoti yake, na bila kupoteza wakati akaanzisha wimbo wa kilio.

Papa Léo alikuwa amelelewa vizuri. Aliacha ubeti uishe.

"Rolande," akasema, "samahani. Amekufa nani?"

"Hatukuulizi, Papa. Tumekuja kukaa na wewe."

"Kukaa na mimi kwa ajili ya nani?"

Rolande akaonyesha kofia kwa kidevu.

Mzee akaitazama kofia. Akawatazama wanawake wawili walio juu ya zulia lake na wa tatu aliye kitini, akayatazama masufuria. Mabega yakaanza kumtikisika. Tatiana, akidhani ni machozi, akatoa kitambaa. Lakini alikuwa anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na kutu, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

"Hiyo ni timu," akasema alipopata pumzi. "Timu ya besiboli. Haikufa. Ilihamia California."

Tatiana akamgeuzia Maman Cécile maneno hayo kwa Kiswahili.

"Anasema haiko muntu, Maman. Ni équipe. Ya mupira."

"Équipe?"

"Ndiyo. Ilihama."

Maman Cécile akafikiri kidogo. "Ilihama lini?"

Tatiana akamwuliza mzee, kisha akajibu: "Cinquante-sept. Mwaka hamsini na saba."

"Na angali analia?"

"Angali, Maman."

"Alors iko matanga," akasema Maman Cécile, na akaufungua mfuniko. "Pakua bugali."

Tangu siku hiyo hakumwita mzee yule kwa jina. Alimwita Mufiwa. Akikutana na Rolande kanisani alianza na hilo: "Mufiwa wetu anakula?" Na kila mwisho wa Septemba alimpelekea sombe.

Habari yenyewe Papa Léo aliitoa kwa vipande, mwaka hata mwaka, kati ya supu na dawa. Rolande hakuwa amewahi kuuona mchezo huo. Ikabidi aelezwe kwamba mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuuzunguka uwanja kabla wenzi wa yule mrushaji hawajaurudisha. "Basi?" akauliza Rolande. "Basi," akasema Papa Léo. "Lakini unaweza kuchukua alasiri nzima."

Alizaliwa Brooklyn, sehemu moja ya New York, na timu ya kwao iliitwa Dodgers. Uwanja, lile jengo la matofali la kwenye picha, haukuwa nje ya mji. Ulibanwa katikati ya nyumba, na akina mama walisikia kelele za mchezo wakiwa wanaanika nguo. Baadhi ya wachezaji walipanga nyumba mitaa ile ile. Mtu aliyepiga mpira jana ukamkuta leo kwa mwuza nyama, anangoja zamu. Timu hiyo ilifungwa fainali baada ya fainali, na watu wa Brooklyn walikuwa na neno lao moja la kujifariji: tungoje mwakani. Mwaka 1955 ikashinda. Watu walitoka wakapiga masufuria barabarani. Miaka miwili baadaye haikuwapo.

Zamani, alieleza, timu za ligi kubwa zilikaa mashariki mwa nchi na katikati, na iliyokuwa mbali kabisa upande wa magharibi ilikuwa St. Louis. Zilisafiri kwa treni. California ilikuwa na timu zake, lakini watu wa mashariki hawakuzihesabu. Vita vikuu vilipokwisha, mambo yakageuka. Watu walinunua magari wakahama mitaa ya zamani. Televisheni ikaingia, ndege zikaingia, na wenye timu wakaanza kuitazama ramani. Timu moja ya Boston ilikwenda Milwaukee na kule viwanja vikafurika. Moja ya Philadelphia ikaenda Kansas City. Mwenye Dodgers akaona. Uwanja wake ulikuwa mdogo na mkuukuu, magari hayakuwa na pa kuegeshwa. Mahali alipopataka kujenga upya wakubwa wa jiji walimnyima, wakampa kwingine, akakataa. Los Angeles wakamwambia: njoo, ardhi ipo.

"Lakini hakuweza kwenda peke yake," alisema Papa Léo. "Nani angeruka bara zima kwenda kucheza na timu moja? Ikabidi hasimu wetu, Giants wa ng'ambo ya mto, nao waende San Francisco. Tulichukiana nao miaka yote, halafu wakafunga mizigo pamoja."

"Ee, mahasimu wa namna hiyo nawajua," akasema Rolande.

Miaka michache baadaye New York iliundiwa timu mpya, na jezi yake ikachukua bluu ya wale na rangi ya chungwa ya hawa. Rolande alimwuliza kama hiyo haikumponya. Papa Léo alikoroga supu. "Ni kama kuletewa mke mwingine amevishwa gauni la marehemu," akasema. Hakuitazama besiboli tena. Walipomletea kazi ya Ubelgiji aliikubali siku hiyo hiyo. Mtu aliyekwisha kuhamwa, kuhama si kitu kwake. "Hata NATO ilitoka Paris kuja hapa," aliongeza. "Lakini hao angalau walifukuzwa."

Mwaka jana, mwanzoni mwa Septemba, kamati ya kanisa ilikutana nyumbani kwa mchungaji, Pasteur Hénock, na Rolande, kama mkubwa wa protokole, aliitwa. Kanisa lilikuwa katika jengo lililokuwa zamani duka la samani. Mwenye jengo alitaka kulibomoa ajenge nyumba za kupanga. Huko Ganshoren, upande wa magharibi wa jiji, ulipatikana ukumbi mkubwa wenye maegesho na jiko. Waumini wengi wenye familia walikuwa wamekwisha kununua nyumba huko na jirani yake. Hakukuwa na la kubishania, na hakuna aliyebisha.

Ubishi ulikuwa kwenye kutangaza. Pasteur Hénock, mtu wa Lubumbashi, mpole, mwenye sababu kwa kila kitu, alitaka jambo lifanyike kimya. Miaka michache nyuma tangazo dogo la kubadili saa ya ibada lilitosha shemasi mmoja aondoke na nusu ya kwaya, akafungue kanisa lake karibu na stesheni ya Nord. Safari hii angesema mapema, wawindaji wa waumini wangesimama mlangoni Jumapili hiyo hiyo. Basi ibada ya mwisho Saint-Josse iwe ya kawaida. Katikati ya juma vijana wahamishe viti na ngoma. Jumamosi ujumbe uingie kwenye kundi la WhatsApp na anwani mpya.

"Na wasio na WhatsApp?" Rolande aliuliza.

"Batajulishwa," akasema Papa Mathieu, katibu wa kamati, mtu wa suti hata akiwa nyumbani kwa watu.

"Na nani?"

"Maman Rolande, tutaona. Bon. Tuombe."

Wakaombea jambo lile, na katika maombi wakaahidi mbele za Mungu kutolitoa nje. Rolande naye akasema amina. Ndipo akatoka na neno limemkaa kooni kama mwiba wa sambaza, wale dagaa wa ziwa la kwao. Maana aliyemwona kichwani hakuwa mwingine: Maman Cécile, anayezima simu yake ili betri isiishe, anasukuma kigari chake Jumapili asubuhi, anafika, anasukuma mlango, na mlango umefungwa kwa mnyororo. Angegonga. Angengoja, kwa kuwa ni mvumilivu. Na hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu waliobaki mtaa ule hawajui lugha yake.

Kusema kulimaanisha kuvunja ahadi na kupoteza mshipi. Kunyamaza kulimaanisha mlango ule. Rolande alibeba vyote viwili majuma kadhaa.

Mapazia ya Evere yakafungwa tena, kofia ikawekwa kitini. Siku hiyo Papa Léo alitoa kipande ambacho hakuwa amewahi kukitoa.

Baba yake alitengeneza mabasi. Majira yale ya 1957 magazeti yalinong'ona kila siku kwamba timu inaondoka, lakini mwenyewe hakutamka. Baba alikataa kuamini. "Kama wangekuwa wanahama," alisema, "wangetuambia. Sisi si watu baki." Ilikuwa mwisho wa Septemba, mchezo wa mwisho wa nyumbani, siku ya kazi, mvua mvua, timu haikuwa na nafasi ya ubingwa. Léo, wa miaka kumi na moja, alimwomba baba waende. Baba alikuwa amechoka. Akamwambia tungoje mwakani. Zaidi ya nusu ya viti vilikuwa vitupu jioni ile. Tangazo lilitolewa mwezi uliofuata, msimu umekwisha, wachezaji wametawanyika. Baada ya miaka michache wakaja kuubomoa uwanja kwa tufe la chuma lililopakwa rangi lifanane na mpira wa besiboli.

"Baba alikwenda siku hiyo ya kubomoa," alisema Papa Léo. "Huo ndio mchezo aliohudhuria."

Rolande alikuwa anamfunga vifungo vya shati. Alisimama kwenye kifungo cha katikati.

"Na kama wangewaambia, Papa? Timu ingebaki?"

"Isingebaki."

"Basi mngepata nini?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini.

"Tungekwenda," akasema.

Rolande akamaliza vifungo. Akafungua mapazia, na mzee hakumzuia. Kisha, kwa kuwa huyu alikuwa Mmarekani asiye na wa kumwambia Saint-Josse, akamweleza habari yote ya kanisa. Papa Léo aliuliza swali moja tu.

"Jumapili gani?"

Rolande akamwambia.

Hakuona vizuri kumzunguka mchungaji. Jumamosi ya kuamkia siku yenyewe alipanda metro, akabadilisha kituo cha Simonis, akashika basi hadi kwa Pasteur Hénock, ambaye naye alikuwa amehamia Ganshoren tangu mwaka uliotangulia. Alikaribishwa chai. Akasema alichokuja kusema: kwao mtu akihama anaaga, na haagi mlangoni. Kwaheri ya kusimama ni ya mchuuzi. Anaingia, anaketi, anakunywa maji pamoja na wale anaowaacha, ndipo anaondoka.

"Maman, niko nakusikia," akasema Pasteur Hénock. "Lakini unawajua bantu betu. Ukisema asubuhi, mangaribi kanisa iko mbili."

"Na tusiposema, Pasteur, Maman Cécile atakuta cadenas na munyororo kwa mulango."

"Nitamutafutia muntu wa kumuambia."

"Nani?"

Mchungaji akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. "Na mutu wa Bukavu anifundishe kuaga? Bukavu mulitoka namna gani, Maman? Muliaga nani?"

Hakuyasema kwa ubaya. Ni utani ambao Wakatanga, watu wa Lubumbashi, huwarushia watu wa Kivu, kina Bukavu na Uvira, tangu zamani, ila safari hii uliangukia mahali pabaya, na yeye mwenyewe akaona.

"Kule tulikimbia risasi, Pasteur," akasema Rolande kwa sauti yake ndogo. "Niliacha chungu kwa moto. Muntu anayefukuzwa hana wakati ya kuaga, Mungu anajua. Lakini siye hapa, nani anatukimbiza? Camionnette yenyewe ya kubeba viti iko ya kukodi."

Mchungaji akaomba radhi. Lakini neno lake halikubadilika, na alimkumbusha ile amina.

Jumapili asubuhi Rolande alivaa mshipi wake, akasimama mlangoni kama siku zote. Msidhani alipanda jukwaani akanyakua kipaza sauti. Hakuwa mtu wa vipaza sauti. Alifanya kazi yake. Kila aliyeingia alimpa mikono miwili, akainama sikioni mwake, na baada ya "karibu" akaongeza maneno machache: "Leo ndiyo mwisho hapa. Kanisa inahamia Ganshoren. Ukae vizuri." Kisha akamwonyesha kiti.

Alisema hivyo kwa wazee na kwa vijana. Kwa mama wa watoto mapacha alisema mara mbili, kwa sababu mapacha walikuwa wanalia. Papa Mathieu alipoingia naye alimpa mikono, akamwambia vile vile. Papa Mathieu akabaki amemshika.

"Maman Rolande! Uko unafanya nini?"

"Protokole, Papa. Kiti chako ni kile cha mbele."

Maman Cécile alifika wa mwisho mwisho, kigari kikilia magurudumu. Rolande akamwinamia zaidi kuliko wengine wote. Maman Cécile alisikiliza, akili imetulia.

"Ganshoren ni wapi?"

"Mbali, Maman. Métro na basi."

"Miye siendeke kwa métro."

"Najua, Maman."

"Bon," akasema Maman Cécile. Akasukuma kigari hatua chache, akasimama, akageuka. "Aksanti sababu umeniambia ningali nasimama. Sasa nipe kiti ya katikati. Kila siku unanitupaka kwa pembeni."

Pasteur Hénock alipopanda kuhubiri hapakuwa na haja ya kutangaza chochote. Kanisa lote lilikuwa linamtazama kwa jicho moja. Wengine walikuwa wanalia, wengine wamekunja mikono, na nyuma mwanamume mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba haya ndiyo maajabu ya kuhamishwa kama makabati. Mchungaji akafunga mahubiri aliyoyaandaa. Akasema ni kweli, na sababu zake akazitaja, na hofu yake pia akaitaja, jambo ambalo si kila mchungaji angelifanya. Hakumtaja Rolande. Papa Mathieu ndiye aliyekwenda mlangoni, akanyoosha mkono bila neno, na Rolande akauvua mshipi, akaukunja vizuri mara nne kama anavyokunja mashuka ya wazee, akampa.

Ibada ilipokwisha hakuna aliyesimama. Maman Cécile aliomba maji. Tatiana akampelekea chupa, akanywa, akampa jirani yake, na chupa ikaanza kutembea. Vijana wakatoa nyingine kwenye ghala. Watu wa Bukavu na wa Uvira walijua ni nini kile. Wa Lubumbashi wakafuata. Mchungaji alishuka jukwaani, akavuta kiti karibu na kigari cha Maman Cécile, akaketi. Chupa ikamfikia. Akanywa.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Kwa kuwa mlangoni hapakuwa na protokole tena, hakuna aliyempokea aliyeingia: mzee wa Kizungu, mrefu, amevaa kofia ya bluu iliyopauka, nyuma yake dereva wa teksi amembebea mfuko. Alivua viatu. Hilo lilichukua muda na watu wakangoja. Kisha akapita kati ya viti kwa soksi, akafika alipoketi Maman Cécile, akafungua mfuko. Ulikuwa umejaa karanga za maganda. Ndizo alizokula baba yake uwanjani, kama Rolande alivyoeleza baadaye.

Hakuuliza lolote. Aliketi.

Maman Cécile alimtazama, akaitazama kofia, akazitazama karanga.

"Mufiwa," akasema, "nani amekufa?"

Tatiana akamgeuzia Papa Léo kwa Kifaransa.

"Hakuna," akasema Papa Léo. "Wanahama."

"Alors menya karanga," akasema Maman Cécile. "Miye sina meno."

Yaliyofuata ni mafupi. Kanisa lilihama katikati ya juma kama ilivyopangwa. Halikugawanyika mara mbili, wala halikwenda zima. Baadhi walibaki nyuma wakatawanyika, mmoja huku mmoja kule. Maman Cécile anasali kwa Wakatoliki wa mtaa wake, ambao hawaelewi anachosema naye haelewi wanachosema, lakini anasifu viti vyao. Duka la samani limebomolewa. Jumapili nyingi Rolande huketi na Maman Cécile.

Mara moja moja huenda Ganshoren. Mara ya kwanza alifika amechelewa, basi lilikawia. Mlangoni alisimama msichana asiyemfahamu, Ornella, na mshipi wa bluu begani, umekazwa zaidi kidogo kuliko inavyopasa. Alimpa Rolande mikono miwili.

"Karibu, Maman. Ni mara ya kwanza kwetu?"

Rolande aliutazama mshipi.

"Ya kwanza," akasema, na akaketi pale alipoonyeshwa.